Tathmini: masomo ya Jumamosi ya Tengeru kwa wanafunzi wenye usonji

Huduma ninayoitathmini hapa ni masomo ya ziada yanayotolewa Tengeru, wilayani Arumeru, nyumbani kwa mwalimu mstaafu wa elimu maalumu, kwa ajili ya wanafunzi wenye usonji (autism, hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti) wanaosoma katika shule za kawaida. Haina kibao barabarani, na mwenyewe ameomba jina lake lisiandikwe popote kwa sababu nafasi ni chache na hapendi kuwarudisha watu mlangoni, kwa hiyo katika maelezo haya ataitwa Mwalimu tu. Kijana wangu alianza kwenda kwake akiwa darasa la sita na sasa yuko kidato cha pili. Ninayoyaandika ni ya mzazi aliyelipa ada, aliyekaa kwenye benchi la uani akisubiri, na aliyeyaona matokeo kwenye karatasi za mitihani.

Nitoe hukumu mapema ili asiye na muda asihangaike: huduma ni nzuri, ina kasoro mbili kubwa, na mzazi anayeitafuta kama tuisheni ya kawaida atasikitika. Tuisheni tulizozizoea mjini Arusha humwongezea mtoto maswali, madaftari na saa za kukaa kwenye dawati. Hapa mtoto anaweza kumaliza kipindi kizima bila kufundishwa mada mpya hata moja. Kinachofanyika ni kutafuta mahali ambapo jambo analolijua tayari linakwama kabla halijafika kwenye karatasi ya majibu, kisha kupapanga upya mahali hapo. Nusu ya kazi hiyo hufanyika nje kabisa ya chumba cha Mwalimu, shuleni kwa mtoto, na kwa maoni yangu nusu hiyo ndiyo inayostahili ada.

Chumba cha kusomea kilikuwa stoo ya nyumba, na kuta zake ziko tupu. Mzazi aliyezoea madarasa yaliyojaa chati za rangi huona ni unyonge, lakini ni makusudi, kwani mtoto ambaye jicho lake hunasa kila kitu kwa uzito uleule hawezi kuchagua kirahisi kati ya chati ya mmeng'enyo wa chakula na swali lililo mbele yake. Zipo meza tatu zinazotazama ukuta. Upande wa kushoto wa kila meza kuna beseni dogo la plastiki lenye kazi za siku hiyo, kila kazi ndani ya bahasha yake. Upande wa kulia kuna beseni jingine, tupu, la kuwekea kazi zilizokamilika. Kwa kutazama tu, bila kuuliza mtu, mwanafunzi anajua ana kazi gani, ziko ngapi, atajuaje kuwa amemaliza, na baada ya hapo kitafuata nini. Utaratibu huu una asili yake katika Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani, ambako Eric Schopler na wenzake waliuanzishia programu rasmi mwaka 1972. Vifaa vya namna hii vikiuzwa mtandaoni huwa na bei ya kutisha. Mabeseni ya Mwalimu yametoka sokoni hapo hapo Tengeru.

Saa ya ukutani nayo ni ya kawaida ya Kichina, ila kioo chake kimebandikwa vipande vya karatasi ya rangi, kijani kwa muda wa kazi na njano kwa dakika za kufungia kazi, hivyo mshale mrefu ukiingia kwenye njano mtoto anauona mwisho unakuja badala ya kuushtukia. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini shuleni, amri ya "fungeni madaftari" ikitolewa ghafla, kijana wangu alikuwa haachi kuandika mpaka amalize sentensi, na kwa miaka mingi taarifa zake za maendeleo ziliandikwa "mkaidi". Kubadili kazi kwa ghafla ni mzigo mzito kwa wengi wenye usonji, na aliyepewa onyo la dakika chache huvuka bila kelele. Baada ya miezi michache ya rangi zile, alianza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe kwenye saa ya mkononi.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni maandalizi ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtihani ule una masomo sita, na sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua jibu na kulitia kivuli kwenye fomu inayosomwa na mashine. Mtu angedhani kutia kivuli ni jambo la mtoto yeyote. Kijana wangu alijaza kila kiduara kwa penseli ya HB mpaka kikawa cheusi bila pengo, akafuta pale rangi ilipogusa mstari, akajaza upya, na muda ukaisha akiwa ameacha maswali kadhaa ambayo majibu yake aliyajua kwa kichwa. Mwalimu aliligundua hili kwa kukaa pembeni akiwa na saa, bila kusema neno, akaandika ni dakika ngapi zilikwenda kwenye kufikiri na ngapi kwenye kupaka. Dawa yake ilikuwa kanuni moja iliyoandikwa kwenye kadi: zungusha penseli mara tatu, inua mkono, nenda swali linalofuata. Sababu ya kanuni hiyo alielezwa pia, kwamba mashine inasoma weusi na haitoi alama kwa unadhifu, na kwa mtoto anayeheshimu kanuni yenye sababu hilo lilitosha. Nakala za fomu zilitolewa fotokopi, akazifanyia mazoezi kwa wiki kadhaa mpaka mkono ukazoea.

Kisha kulikuwa na Kiswahili, na hasa nahau na methali, ambazo hazikosekani kwenye mtihani huo. Mtoto anayechukua maneno kama yalivyo huumizwa sana na eneo hili. Kwenye zoezi moja lililosema babu wa kijiji amekula chumvi nyingi, kijana wangu alichagua jibu la kwamba babu ni mgonjwa, na alipoulizwa alieleza vizuri kabisa uhusiano wa chumvi na shinikizo la damu aliokuwa ameusoma kwenye Sayansi. Walimu wengi wangecheka, na mmoja shuleni alicheka kweli. Mwalimu alimwambia maelezo yake ya Sayansi ni sahihi, kisha akampa daftari lenye safu tatu: maneno yenyewe, maana yake, na hali ambayo mtu huyatumia. Mkono wa birika, uchoyo, mtu anapokataa kugawa alicho nacho. Alilijaza daftari hilo kama mtu anayekusanya stempu, kwa mpangilio wa alfabeti, akaanza kuwavizia wajomba zake kwenye mazungumzo ili aongeze nyingine. Huko kuhodhi orodha, ambako shuleni kulionekana kama kituko, hapa kulifanywa kuwa njia ya kusomea, na alama zake za Kiswahili zilipanda kuliko za somo jingine lolote.

Niseme kitu kuhusu treni, maana bila treni tathmini hii haijakamilika. Treni ya abiria iliporudi Arusha mwaka 2020, baada ya kusimama kwa takribani miaka 30, kijana wangu alihamia huko kwa akili yake yote: ratiba, vituo, mabehewa, rangi za injini. Nyumbani tulichoka. Mtu mmoja aliyejitambulisha kama mshauri alitushauri tumnyime kabisa mazungumzo ya treni ili "akili irudi kwenye masomo". Mwalimu aliuliza tu vituo vikubwa ni vipi, akatajiwa Korogwe, Mombo, Same, Moshi, na akaanza kuandika. Hesabu za mwendo, umbali na muda zikawa za treni hiyo. Maarifa ya Jamii yakapitia madirishani mwake: safu ya Usambara upande mmoja, Upare ukifuata, mkonge, kisha migomba na kahawa za Kilimanjaro. Hata insha, ambayo kijana alikuwa akiiandika kwa mistari minne na kuweka kalamu chini, ilipata mwanzo, kati na mwisho kwa sababu safari nayo huanza, huendelea na hufika. Mwalimu hakuiacha treni ikajaa kila mahali, tena alikuwa na bahasha maalumu, ya mwisho kwenye beseni la kushoto, iliyoruhusu dakika za kuzungumzia treni kwa uhuru kazi zote zikiisha. Ila hakuitumia kama hongo ya kunyang'anywa mtoto akikosea. Ilikuwa kwenye ratiba, na kilicho kwenye ratiba hutolewa.

Sasa nije kwenye ile nusu ya nje. Kwa kila mwanafunzi Mwalimu huandaa karatasi ya ukurasa mmoja kwa ajili ya shule, na huikabidhi yeye mwenyewe kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Nimeona ripoti za kitaalamu za kurasa nyingi ambazo ziliishia kwenye faili la ofisi bila kufunguliwa. Hii ya kwetu ilibandikwa ndani ya kabati la mwalimu wa darasa. Ilikuwa na mambo machache yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, bila neno hata moja la hospitali. Mpe maelekezo hatua moja moja, na yaandike ubaoni. Akiziba masikio haonyeshi dharau, kelele zinamuumiza. Asipokutazama usoni bado anakusikia, na ukimlazimisha kukutazama ataacha kusikia. Akianza kutikisa mikono mwache, anajituliza. Akikataa jambo, mwulize ni nini kimebadilika.

La salamu lilipewa mstari wake, na sikutarajia lingeingia kwenye karatasi ya kitaaluma. Katika shule zetu mtoto husalimia kila mwalimu anayepishana naye, na asiyetoa shikamoo huhesabiwa kakosa adabu hata kama ana alama za juu kuliko wenzake. Kijana wangu hakuelewa kwa nini amsalimie mtu yuleyule mara tano kabla ya saa sita, na akiwa katikati ya wazo alipita bila kusema kitu. Shauri la Mwalimu kwa walimu wenzake lilikuwa kwamba atatoa shikamoo moja kwa kila mwalimu kila asubuhi, kwa sauti, na hiyo ihesabiwe ya siku nzima. Baadhi walinung'unika. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, alisema, "Marahaba moja inanitosha, mwanangu, mradi iwe ya kweli," na mjadala ukaishia hapo. Tangu siku hiyo adhabu za utovu wa adabu zilikoma, na mtoto asiyeogopa kwenda shule hujifunza zaidi kuliko anayeogopa, hilo halihitaji mtaalamu.

Kulikuwa pia na suala la kengele, ambayo katika shule ile ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti karibu na darasa lake na kugongwa kwa nondo. Mwalimu hakuomba shule inunue kengele nyingine. Aliomba mtoto ahamishiwe dawati la upande wa pili, na mwanafunzi wa zamu ampungie mkono dirishani kabla ya kugonga. Wakati wa paredi ya asubuhi, ngoma zikipigwa, alisimama mwisho wa mstari, mbali na ngoma. Hakuna hata moja kati ya hayo lililogharimu shilingi, na ndipo nilipoelewa kwa nini walimu wakuu humsikiliza: haendi na madai makubwa ambayo shule yenye wanafunzi zaidi ya 70 kwenye darasa moja haiwezi kuyabeba. Anayo nakala ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida, lakini hukaa nayo kwenye mkoba na sijamwona akiitoa. Anachokitoa ni takwimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji, na kwa hesabu hiyo shule yenye wanafunzi 1,000 inaweza kuwa nao saba au wanane. "Huyu mmemjua," huwaambia walimu, "hao wengine mnawaita wavivu." Nimewaona walimu wakitazamana.

Kwa upande wa mtihani wa taifa, Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, lakini taarifa zao sharti zipitie shule, tena mapema, si wiki ya mtihani. Mwalimu alitukumbusha jambo hili mwaka mzima kabla, akatuelekeza kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri na kutuambia ni nyaraka zipi za hospitali zitahitajika. Wazazi wengi niliokutana nao kwenye lile benchi la uani hawakuwa wakijua kuwa ofisi hiyo ipo. Kwa mkoa ambao Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu kwa nchi nzima, kiko palepale Tengeru, hilo linasikitisha kidogo; na Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Arusha mjini, hospitali ya KCMC ina chuo kinachofundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao ndio wenye ujuzi wa mambo ya mkono, penseli na hisia za mwili. Ujuzi upo mkoani na jirani. Unachelewa tu kufika darasani.

Kuingia kidato cha kwanza kulishughulikiwa vizuri ingawa kwa haraka kuliko nilivyopenda. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali hukutana na mambo mawili kwa siku moja: lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza, na walimu wachache aliowazoea wanabadilishwa na walimu wengi wapya, kila mmoja na sauti yake, mwandiko wake na namna yake ya kukasirika. Wakati wa likizo ya Desemba Mwalimu alikwenda na kijana shuleni kukiwa kutupu, wakapiga picha lango, darasa, choo, bomba la maji na ofisi ya mwalimu wa nidhamu, wakazipanga kwenye daftari dogo kwa mpangilio ambao atazipitia asubuhi. Kwa Kiingereza alitengenezewa msamiati wa kila somo kabla shule haijafunguliwa. Cha ajabu, Kiingereza hakikumsumbua sana kama tulivyohofu. Kilichomsumbua ni kazi za vikundi, ambako kila mtu huongea kwa wakati mmoja na hakuna anayejua nani afanye nini. Kwa hilo shule ya sekondari ilikubali kumpa jukumu lilelile kila mara, la kuandika majibu ya kikundi, na wenzake wakagundua kuwa kikundi chenye mwandishi yule hakipotezi karatasi.

Kasoro ya kwanza ni siku yenyewe. Jumamosi ni siku ya soko kubwa Tengeru, na aliyewahi kupita pale anajua maana yake: barabara ya Moshi imejaa, makondakta wanapiga mabati, magunia ya ndizi na vitunguu yanashushwa miguuni mwa abiria, spika za wauza dawa za panya zinashindana. Kuwaleta watoto ambao kelele na msongamano ndivyo vinavyowachosha zaidi katika siku hiyo, kwa daladala, ni kuwafikisha kwenye meza wakiwa wameshatumia nusu ya nguvu zao. Sisi tunatoka Kwa Mrombo, hivyo tunabadili gari mjini, na kuna asubuhi kijana amefika pale akalala kwenye mkeka kipindi chote. Mwalimu humwacha alale, na ada hulipwa. Nimependekeza Jumapili mchana, akakataa kwa sababu ya ibada na familia, jambo ambalo ni haki yake. Nimependekeza basi aanze saa moja asubuhi kabla soko halijachangamka. Hilo amelikubali kwa wanafunzi wawili tu. Anayekuja na gari lake hataliona tatizo hili.

Kasoro ya pili ni kwamba huduma nzima imebebwa na mtu mmoja. Alipougua malaria muhula mmoja, kila kitu kilisimama bila taarifa ya maandishi, na kwa watoto wanaoishi kwa ratiba hilo lilikuwa pigo la pekee. Kijana wangu alivaa viatu kila Jumamosi na kukaa mlangoni. Ninachodai si msaidizi mwenye shahada. Kijana yeyote wa Patandi aliye kwenye mafunzo angeweza kufungua chumba, kuweka bahasha kwenye mabeseni na kusimamia saa. Vilevile Mwalimu haandiki taarifa ya maendeleo. Ukimwuliza mtoto anaendeleaje, atakueleza kwa nusu saa, kwa usahihi wa kushangaza, lakini mzazi anayetaka kumwonyesha baba wa mtoto au shule mpya hana karatasi ya kushika. Kwa mtu anayewaandikia watoto kila kitu, hili limenishangaza siku zote.

Kuna na jambo ambalo wengine wamelitaja kama kasoro nami sikubaliani nao. Mwalimu hawachukui watoto wasiotumia maneno kabisa, wala wanaohitaji uangalizi wa mtu mmoja muda wote, na wazazi wao huondoka wakiwa na uchungu. Nimewasikiliza na ninauelewa uchungu huo. Hata hivyo chumba ni kimoja, yeye ni mmoja, na kuwapokea kisha kuwaweka tu pale kungekuwa kuchukua fedha bila kutoa kazi. Badala yake huwaelekeza kwenye vitengo vya elimu maalumu vilivyo ndani ya shule za msingi na kwa watoa tiba. Pia hamponyi mtu. Akija mzazi anayeuliza mtoto atapona lini, hujibiwa palepale kwamba usonji ni namna ubongo ulivyokua, hauambukizi, hautokani na chanjo wala laana ya ukoo, na mtoto atazeeka nao, ila anaweza kuzeeka akiwa na cheti, kazi na marafiki wachache wa kweli. Wapo waliosimama na kuondoka waliposikia hivyo, wakaenda kwa wenye chupa za mitishamba.

Kuhusu gharama, kipindi cha saa mbili ni shilingi 20,000, na kila ziara ya Mwalimu shuleni hulipiwa 30,000 pamoja na nauli yake. Si bei ya mwananchi wa kawaida. Tuisheni ya mtaani ni shilingi 1,000 kwa siku, na ukiweka tarakimu hizo pamoja unaweza kukata tamaa. Ushauri wangu kwa mwenye uwezo mdogo ni kuacha vipindi vya kila wiki na kulipia kwanza ziara za shuleni pamoja na ile karatasi ya ukurasa mmoja, kwa sababu hayo huendelea kufanya kazi siku zote za shule bila kulipiwa tena, na mabeseni na saa ya rangi kila mtu anaweza kuvitengeneza nyumbani. Mwalimu mwenyewe hana kinyongo na hilo. Ameshawaonyesha wazazi kadhaa namna ya kupanga bahasha na hakuwatoza kitu. Kwa wanafunzi wa darasa la saba na kidato cha pili, ambao wana mitihani ya taifa mbele yao, vipindi vya kila wiki vina thamani yake, angalau kwa miezi michache kabla ya mtihani.

Ningeipa nyota nne kati ya tano, na ya tano ningeitoa siku atakayopata msaidizi.

Wanafunzi wapya hupokelewa Januari na Julai, na njia ya kumfikia ni kupitia walimu wa elimu maalumu wa shule za jirani, ambao wengi wanamfahamu. Nendeni na madaftari ya kawaida ya mtoto, yale yenye makosa na yaliyochanika, kwani yaliyonakiliwa upya kwa mwandiko wa dada yake hatayaangalia. Siku ya kwanza hakuna mtihani wala maswali. Mtoto ataachwa azunguke chumba, aguse saa, ahesabu mabeseni au akae chini ya meza kama anataka, na Mwalimu atakaa pembeni na daftari lake akiandika, kwa hiyo msimsukume mtoto kusalimia wala kuketi vizuri. Ada ya siku hiyo hailipwi.